Mlenda wa Ugogo Wataka Shamba Lake

Mgeni afikapo Dodoma na kukaribishwa katika nyumba ya Mgogo, hapana budi siku moja atawekewa mbele yake bakuli la mboga ya kijani, nzito, yenye kuvutika kama ute wa yai, na kando yake ugali wa uwele uliosimama imara. Wako wageni wanaokula na kuomba nyongeza. Wako pia wale wanaogeuza nyuso, kisha wakirudi kwao husimulia kuwa watu wa Dodoma chakula chao ni utelezi. Hao wa pili ndio waliotufanya tuandike leo, maana twaona dharau yao imeanza kuwaingia hata watoto wa nchi hii yenyewe, wakaona haya kula mbele za watu kile kilichowakuza mama zao.

Mboga hiyo ni mlenda, ambao Wagogo wenyewe huuita ilende. Yafaa ieleweke mapema kwamba jina la mlenda ni kubwa kuliko mmea mmoja. Katika nchi yetu watu huita mlenda karibu kila jani lenye ute: majani ya bamia, majani ya ule mmea wa bustanini wenye maua madogo ya njano ambao ni jamaa wa juti, na mimea ya porini iliyo jamaa ya ufuta. Hatutasema juu ya yote. Twataka kusema juu ya mmoja tu, mlenda wa mashambani na maporini, ambao wataalamu wa mimea waliupa jina la Ceratotheca sesamoides. Jina hilo laonekana gumu, lakini lina maana iliyo wazi. Neno la kwanza limetokana na Kiyunani, nalo lasema kibweta chenye pembe. La pili lasema mmea unaofanana na ufuta. Ukilichuma tunda lake likiwa bado bichi utaiona sababu: ni kijibweta kidogo kirefu, na kileleni pake zimechomoza pembe mbili, kama kichwa cha mwana-mbuzi. Undugu wake na ufuta ni wa karibu mno, hata wataalamu wengine siku hizi wameufuta ule mpaka wa majina na kuutia kabisa katika ukoo wa ufuta.

Sisi tuliosoma katika shule za misheni tulikaririshwa majina ya maua ya Ulaya ambayo hatujapata kuyaona hata leo. Hakuna aliyetusimamisha kandoni mwa shamba la uwele mwezi wa Februari atuonyeshe ua la mlenda. Nalo ni ua zuri kweli kweli. Lina umbo la tarumbeta ndogo iliyoinamisha mdomo, rangi yake ni ya waridi iliyochanganyika na zambarau, na ndani ya mdomo wa chini kuna mistari iliyokolea, mfano wa njia iliyochorwa ili nyuki asipotee. Maua hukaa moja moja kwenye makwapa ya majani. Majani ya chini ni mapana, yenye meno pembeni. Ya juu ni membamba. Mmea wenyewe ni wa msimu mmoja: waweza kusimama, waweza kutambaa, kwa kadiri ya mvua na ya udongo ulioupata.

Juu ya udongo hauchagui sana, ila wapenda zaidi mchanga. Hapo ndipo ilipo siri ya urafiki wake na uwanda wa kati. Dodoma iko juu ya bahari kwa zaidi ya mita 1,100, na mvua yake ni ya kifuku kimoja tu, ikianza yapata Desemba na kukoma Aprili. Kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na mwaka mwingine haifiki hapo. Isitoshe, mvua hiyo hainyeshi kwa utaratibu. Huja kwa kishindo wiki moja, kisha jua huwaka wiki tatu, na mahindi ya mtu aliyejaribu bahati yake hukauka mbele ya macho yake. Mlenda huota kwa mvua za kwanza, huwahi kutoa majani kabla nafaka yo yote haijaiva, na wakati wa jua kali hujikaza ukangoja. Haukupandwa na mtu. Hakuna aliyeutia mbolea. Mwanamke akipalilia uwele wake huyakata magugu yote, lakini afikapo penye mlenda jembe lake hupita kando. Kwa hiyo mmea huu si wa porini kabisa, wala si wa shamba kabisa. Umeishi miaka yote hiyo kwa huruma ya jembe la mama.

Historia ya nchi hii ya kati ni historia ya njaa, na haiwezi kuandikwa bila mboga za namna hii. Wazee huzitaja njaa kwa majina, kama watu wengine wanavyowataja wafalme. Iliyo kuu kuliko zote ni ile iitwayo Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920. Majeshi ya Wadachi na baadaye ya Waingereza yaliichukua nafaka, yakachukua ng'ombe, yakawachukua na wanaume wawe wapagazi wa vita isiyowahusu. Kisha mvua nayo ikakosekana. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyeichunguza habari hiyo, ameandika kwamba watu wapatao 30,000 kati ya 150,000 walikufa. Katika miaka kama hiyo, aliyekuwa na kibuyu cha majani makavu yaliyopondwa alikuwa na kitu. Mlenda peke yake haushibishi, na hatutaki mtu atusome vibaya tukionekana kusema kwamba majani yaweza kushika mahali pa nafaka. Lakini uji mwembamba wa pumba pamoja na mlenda humezeka, na bila mlenda haumezeki.

Twaomba ruhusa ya wasomaji tutaje na jambo la Kongwa, kwa sababu lilitokea katika ardhi hiyo hiyo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza huko mpango mkubwa wa karanga, ili watu wake wapate mafuta ya kula baada ya vita. Nia ilikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Kongwa ilikuwa mahali pa kwanza. Zililetwa katapila, yakaletwa na magari yaliyokuwa ya vita, wakaletwa mabwana wakubwa wenye vyeti. Msitu ulifyekwa. Udongo wa Kongwa ukinyeshewa hulainika, ukipigwa na jua hukauka ukawa kama tofali. Karanga zilizoota zilibaki zimefungwa chini, na majembe ya mitambo yakalika kwa mchanga mkali. Mvua nazo zilifanya kama desturi yake. Mwezi wa Januari 1951 mpango ulitangazwa kuwa umekufa, na pauni zipatazo milioni 36 zilikuwa zimekwenda na upepo. Mwanamke ye yote wa Ugogo angaliweza kuwaeleza mabwana wale, bure bila malipo, ni mimea gani inayostahimili mahali pale. Hakuulizwa.

Sasa tuingie jikoni, maana huko ndiko uliko ufundi wenyewe. Wakati wa kifuku majani huliwa mabichi. Huchambuliwa, huoshwa, hukatwa, hutiwa katika maji yanayochemka yenye magadi kidogo, kisha hupekechwa kwa kijiti mpaka ute ukolee. Wengine hutia nyanya, wengine maziwa, na aliyejaliwa hutia karanga zilizopondwa. Lakini mlenda ulioulisha Ugogo hasa ni mlenda mkavu. Kuanzia Februari mpaka Aprili wanawake huvuna kwa wingi, huanika, hutwanga katika kinu, hupepeta kwa ungo, na unga ule wa kijani huwekwa kibuyuni au katika chungu chenye kifuniko. Hukaa miezi mingi bila kuharibika. Mwezi wa Septemba, nchi yote ikiwa nyekundu na miti imebaki mifupa, mama huchota vijiko viwili vitatu, akavikoroga katika maji ya moto, na watoto sita wakapata kitoweo. Ni mboga gani nyingine ya bei hiyo ambayo mfanyakazi aweza kuiweka kabatini tangu Mei hadi Desemba bila barafu?

Ute huo unaochekwa ndio kazi yenyewe ya mlenda. Ugali wa uwele au wa mtama ni mkavu na una chenga chenga. Ukiliwa na kitoweo kikavu hukwama kooni. Mlenda huufanya uteleze. Mzee asiye na meno hula, na mtoto aliyeachishwa ziwa hula. Watu wa mijini wakitaka kumtukana mtu mlegevu humwita mlenda, na matusi yao yamekosea njia, maana hakuna mmea ulio mgumu zaidi katika kiangazi cha Dodoma.

Hata hivyo, hatuwezi kuusifu ufundi wa jikoni pasipo kusema mahali panapohitaji kurekebishwa. Majani ya kijani yana vitamini na madini ambayo ugali hauna, lakini jua kali ni adui wa vitamini hizo. Mlenda ulioanikwa juu ya paa la bati mchana kutwa hupoteza sehemu kubwa ya vitamini A na C kabla haujafika kinuni. Ukianikwa kivulini, mahali penye upepo, umetandazwa kwa tabaka nyembamba na kugeuzwa mara kwa mara, hukauka polepole zaidi lakini hubaki na rangi yake, nayo rangi ni shahidi: mlenda ulio kijani ni bora kuliko ulio kahawia. La pili ni magadi. Magadi hulainisha jani na kulinda ukijani wake sufuriani, lakini yakizidi huua vitamini nyingine, na kwa mtu mwenye shinikizo la damu chumvi hiyo haina faida. Yatiwe kidogo sana, au yaachwe. La tatu ni mafuta. Vitamini A haichukuliwi vema na mwili bila mafuta, kwa hiyo zile karanga ambazo wengine huzihesabu kuwa ni anasa si anasa hata kidogo. Nyumba isiyo na karanga yaweza kutia kijiko cha mafuta ya alizeti, nayo alizeti ni zao la hapa hapa.

Wako wanaouza mlenda kwa kuuita dawa ya magonjwa yote, na siku hizi maneno yao yameenea. Sisi hatumo. Ni chakula, na chakula chema hakihitaji kuvishwa kanzu ya mganga. Wala si Wagogo peke yao waliokijua. Mmea huu huu huliwa Afrika Magharibi. Wahausa wa Nijeria huuita karkashi, huupika supu, na mbegu zake pia huliwa na kukamuliwa mafuta kama zile za ufuta.

Basi, kama ni mzuri hivyo, umepatwa na nini?

Jibu la kwanza ni mji. Chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, uamuzi ulikuwa wa haki, na twaunga mkono kila tofali lililowekwa. Kwa miaka mingi mambo yalikwenda pole pole. Tangu Serikali ilipohamia kwa nguvu kuanzia mwaka 2016, na mji ukapewa hadhi ya jiji mwaka 2018, yamekwenda mbio. Sensa ya 2012 iliwakuta watu 410,956 katika eneo la mji. Ile ya 2022 iliwakuta 765,179. Watu hao wanahitaji nyumba, na nyumba hujengwa juu ya mashamba ya uwele yaliyokuwa kandokando, yaani katika ardhi ile ile ambamo mlenda ulikuwa ukiota bila kuitwa. Palipopimwa viwanja mlenda hauna cheti. Mama aliyekuwa akichuma nyuma ya nyumba yake leo hutembea mpaka ng'ambo ya barabara, kesho mpaka ng'ambo ya mlima, na keshokutwa hununua kwa vikombe sokoni Majengo kile ambacho bibi yake alikipata kwa kuinama.

Jibu la pili lina uzito zaidi, ingawa halisemwi sana. Kilimo chenyewe kinabadilika. Trekta haliwezi kupita kando kama jembe la mama. Dawa ya kuua magugu haijui kuchagua. Mashamba makubwa ya alizeti na zabibu, na yale mashamba ya pamoja ya vijana kama ya Chinangali wilayani Chamwino, chini ya mpango wa BBT uliozinduliwa mwaka 2023, yana faida zake, nasi si watu wa kuililia kila siku ya jana. Lakini mmea ulioishi kwa huruma ya jembe hautaishi huruma ile ikiondoka. Tena, huvunwa ungali mchanga, kabla haujazaa. Pale watu wanapokuwa wengi na mimea michache, kila mmoja hung'oa mpaka shina, na mwaka unaofuata hakuna mbegu ardhini.

Kwa hiyo rai yetu ni moja: mlenda utoke katika hali ya kuokotwa na kuingia katika hali ya kupandwa. Mboga nyingine za asili zimekwisha kufanyiwa hivyo. Kituo cha Dunia cha Mboga kilicho Arusha tangu mwaka 1992 kimekusanya na kuchagua mbegu za mnavu, mchicha na ngogwe, na leo mkulima hununua mbegu hizo dukani kama anunuavyo za kabichi. Ukienda katika duka hilo hilo ukaomba mbegu ya mlenda, huenda ukapewa ule wa bustanini wenye maua ya njano. Ni mboga nzuri, lakini wataka maji zaidi, na si huu tunaousema. Jirani zetu wa Makutupora, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, wamelishughulikia zabibu kwa miaka mingi mpaka likawa fahari ya Dodoma. Twauliza kwa heshima kama mlenda nao hauwezi kupata tuta moja.

Lakini hapana haja ya kumngoja mtafiti. Kazi yaweza kufanywa na mtu mwenye kijipande cha mita tano kwa tano nyuma ya nyumba ya kupanga, na wafanyakazi wengi mliohamia Dodoma mnacho. Atayarishe tuta la udongo wenye mchanga, alilainishe vizuri, maana mbegu ni ndogo. Achanganye mbegu na mchanga mkavu mkono kwa mkono, mbegu kidogo, mchanga mwingi, kisha anyunyize katika mistari na kufunika kwa udongo mwembamba tu. Ikizikwa chini haitoki. Apande mvua ya kwanza ya kweli ikinyesha, si ile ya kutia vumbi adabu. Mimea ikisongamana aipunguze, na ile aliyoing'oa aipeleke sufuriani. Ikifikia shubiri moja na nusu, akate ncha kwa kisu wala asing'oe. Shina hutoa matawi mapya, naye atakata tena na tena. Ikianza kuchanua mapema mno, ayachume maua ili nguvu irudi majanini. Asiupande mwaka baada ya mwaka mahali ulipokuwa ufuta, kwa kuwa ndugu hawa wawili hugawana hata wadudu. Na awe macho na mbuzi wa jirani.

Sharti lililo kubwa kuliko yote ni hili: mimea mitano au sita iliyo mizuri kupita mingine iachwe isikatwe hata jani, izae. Watu wengi hufanya kinyume, wakala ile mizuri na kuiacha mibovu iwe mama wa mwaka ujao. Matunda yakianza kugeuka rangi upande wa chini, akate shina zima na kulisimamisha juu ya kitambaa, kama tufanyavyo kwa ufuta, kwa sababu kile kijibweta hupasuka juu na kumwaga mbegu kwa upepo mdogo tu. Mbegu zikikauka zitiwe katika chupa yenye kizibo.

Vijijini, jambo lahitaji mkutano. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inakipa kijiji uwezo wa kutenga ardhi kwa matumizi ya wote, na vijiji vingi vimekwisha kutenga malisho na misitu. Sijui ni wangapi katika halmashauri hizo waliopata kufikiri kwamba mahali pa kuchuma mboga nako ni mali ya kijiji, yafaa pawekewe mpaka na zamu ya kuvuna. Wanawake wamo katika halmashauri hizo kwa mujibu wa sheria. Neno hili ni lao kulisimamisha, na wanaume waliomo watafanya vema wakinyamaza kidogo wasikilize, kwa kuwa wengi wao hawajui mlenda huota wapi. Wanajua tu unapotokea mezani.

Na mjini? Tumeuliza katika mikahawa kadhaa ya maofisini. Wali upo, chipsi zipo, mchicha upo siku ya Jumatano. Mlenda, twaambiwa, wateja hawauagizi. Lakini wateja hawawezi kuagiza kitu kisichoandikwa ubaoni. Mkahawa mmoja ukiupika vizuri, kwa karanga na bila magadi mengi, ukauweka mara mbili kwa wiki pamoja na ugali wa uwele, wanawake wa Bahi na Chamwino watapata mnunuzi wa hakika wa unga wao, tena watakuwa na sababu ya kuuanika kivulini, kwa vile mnunuzi mkubwa aweza kutaka ubora na kuulipia. Hilo halihitaji kamati wala bajeti. Mwenye mkahawa na wafanyakazi wanaokula pale waweza kupatana kwa siku moja.

Mbegu hukomaa kifuku kinapokwisha, Aprili na Mei. Anayekusudia kupanda Desemba na azitafute wakati huo, kwa mama anayevuna shambani, kabla matunda hayajapasuka. Atakayengoja mpaka Novemba atakuta mashina matupu.